Moshi Ndani ya Vichupa

Majina nayakumbuka yote: ya wasichana niliochunga nao Buna, hata ya ngamia waliokufa na ukame. Jina la unga wa kemia wa mjukuu wangu ndilo lililonishinda.

Alinieleza mimi bibi yake kwa vidole. "Ayeyo, ni kama pete, na ndani yake naitrojeni mbili zimekaa bega kwa bega." Unga huo una ndugu yake, alisema, ambao ukinyunyizwa mahali damu ilipooshwa, pale panawaka buluu. Huu wake aliupika mwenyewe chuoni. Ukimulikwa, unatakiwa utoe mwanga.

Chuo kikafungwa kwa mgomo, akarudi Garissa na chembe iliyobaki. Baba yake, mwanangu, mchuuzi wa mbuzi, alikuwa ameshaletewa posa kutoka Rhamu, naye msichana hakuitaka.

"Nionyeshe huo mwanga," alisema. "Nikiuona, posa nairudisha. Nisipouona, utaolewa."

Msichana akaosha vichupa viwili, akavianika. Sasa kwetu, chombo kilichooshwa kwa maji tu bado ni kichafu. Mpaka kifukizwe kwa moshi wa kijinga cha moto, ndipo maziwa yakae bila kuchacha. Mama yake akavikuta, akavifukiza kwa mapenzi tu. Hakumwambia mtu. Nani hutangaza kwamba amefukiza kibuyu?

Alasiri tukajifungia stoo sote wanne, mama yake pia. Mwanangu alileta taa ya dukani ya kutambulia noti bandia. Unga wote ulikuwa umeyeyushwa kwenye spiriti, ndani ya kichupa kimoja. Msichana akamulika. Buluu, wallahi!

"Mashallah!" mwanangu akasema. "Kumbe kweli."

Mjukuu wangu hakufurahi. Akamulika kichupa cha pili, chenye spiriti tupu, cha kulinganishia. Nacho kikawaka. Akakinusa.

"Hooyo, umevifukiza?" akamuuliza mama yake.

"Sasa nikuachie vyombo vichafu?"

Moyoni nikamsihi: nyamaza, mjukuu wangu, nyamaza. Baba yake ameshaona, ameshaamini.

"Aabo," akamwambia baba yake, "huo ni mwanga wa moshi. Wangu sijui kama upo. Na unga umekwisha."

Mwanangu akazima taa. "Noti bandia nayo huwaka, binti yangu. Ungenyamaza, ningekuamini." Akatoka kupiga simu Rhamu.

Mjukuu wangu yuko huko sasa, kwa mumewe, na simu zake ni fupi. Mama yake hafukizi tena chombo chochote. Maziwa yetu yanachacha kabla ya adhuhuri, na tunayanywa hivyo hivyo.