Vazi la Ngozi Lenye Bizimu Mgongoni

Ashukuriwe Mungu aliyenijalia mikono ya kazi, macho yanayoona uzi hata leo, na majirani ambao mpaka sasa sijui niliwastahili kwa lipi. Baada ya kumshukuru Yeye nakiri mapema, asije mwingine akawasimulia kwa kuongeza chumvi: mimi Elia, fundi wa ngozi wa Maneromango, mtu mzima mwenye wajukuu, niliwahi kukutwa na mchungaji na wazee wa kanisa nikiwa nimepiga magoti ndani ya pipa, kifua wazi, shingoni nina ukosi wa ngozi kama mbwa wa Mzungu.

Ilikuwa miaka ya Mwingereza. Nilikuwa nikishona viatu, mikanda, matandiko ya punda na mifuko ya vitabu ya walimu, na habari zangu zikafika Kibaha kwa Bwana mmoja na mkewe waliokuwa wakisimamia shamba la mkonge. Wakaniita. Nikaenda kwa baiskeli siku nzima (barabara zetu mnazijua), nimefunga nyuma vipande vya ngozi vya kuonyesha: ng'ombe, mbuzi, kondoo na swala.

Bibi alinikaribisha barazani, akanipa chai, akaweka mezani karatasi aliyoichora mwenyewe. Mikanda miwili inayopishana kifuani na kukutana kwenye pete ya shaba, mkanda mpana wa kiunoni, ukosi wa shingoni wa upana wa vidole vitatu.

"Ni vya mnyama gani, Bibi?" nikauliza.

"Si mnyama," akasema. "Ni vya Bwana."

Bwana, aliyekuwa amekaa palepale na gazeti, akawa mwekundu hadi masikioni lakini hakukanusha. Bibi akaeleza kwa Kiswahili chake cha shambani, bila kupepesa macho, kwamba ni vazi lao wawili, la ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na kwamba amenitafuta mimi kwa kuwa amesikia sina mdomo. (Leo ninao, lakini wao walikwisha kurudi kwao zamani, na majina yao nitakufa nayo.) Niliwaza kidogo. Walikuwa mtu na mkewe wa ndoa, hawakunificha wala hawakunidharau, na Maandiko niliyofundishwa hayakunipa kazi ya kuchungulia chumba cha watu. Nikasema, "Haya, Bibi, tuchague ngozi."

Nawaambieni, sijapata mteja anayejua kuchagua kama yule mama. Ya ng'ombe aliisugua ndani ya mkono wake akasema inakwaruza. Ya swala aliipenda, lakini nikamwambia ukweli kwamba inavutika, mwezi wa pili mikanda itaning'inia kama utambi. Ya mbuzi, niliyoiloweka mwenyewe kwa gome la mkoko, aliiweka shavuni, akainusa, akaikunja karibu na sikio kusikiliza kama inavunjika. "Hii," akasema. Tukapatana ndani iwe ya kondoo ili mshono usimchune Bwana, na kingo zikunjwe, zisiachwe kali.

"Na bizimu zote, hizi za kufungia mikanda, ziwe mgongoni," akamalizia. "Asizifikie."

Bwana akageuza ukurasa wa gazeti.

Nilimpima Bwana kwa kamba, nikakuta kifua chake na changu ni kimoja, na hapo ndipo shetani wa uvivu aliponipata. Marehemu aliyenifundisha kazi alinizoesha nisikate ngozi nzuri kabla ya kushona mfano kwa ngozi ovyo, kisha mfano huo niukaushe ukiwa na majimaji juu ya umbo lenyewe. Mfano wa kiatu tuliukausha juu ya kalibu ya mti. Kalibu ya kifua cha mtu mzima nitaitoa wapi? Nikaamua nikifika nyumbani nitaukausha juu yangu mwenyewe, na kwa ubahili nikaushona kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, isiyopitia gome wala mafuta. Ndilo jambo dogo nililoliamua. Mengine yote yalikuja yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, tena si Jumamosi yoyote. Alasiri Mchungaji na wazee wawili walikuwa waje nyumbani kutazama kama nafaa kuwa mzee wa kanisa, jambo nililoliombea miaka sita. Mke wangu Raheli alikuwa amefagia tangu alfajiri, na kabla ya kwenda shamba kuchimba mihogo ya wageni alinifunga zile bizimu mgongoni.

"Mume wangu," akasema, "umekuwa punda mzuri. Nikirudi nitakufungua."

Nikakaa juani ili ikauke upesi. Sasa, kila fundi anajua ngozi mbichi ikikauka hujivuta, ndiyo tunayofungia mipini ya majembe iliyopasuka, na mimi nimeifunga hiyo mipini mamia, lakini siku hiyo nilikuwa nikitazama jinsi mkanda wa begani ulivyolala vizuri nikijisifu. Kwanza ukanikaa sawasawa. Kisha nikaona siwezi kuvuta pumzi yote. Kisha nusu. Kisha ukosi ukaanza kunikaba. Mikono haikufika mgongoni, na kisu nilipojaribu kukipenyeza shingoni hakikupata nafasi. Raheli harudi.

Dawa ni maji tu, yailegeze tena. Nyuma ya nyumba lilikuwapo pipa la maji ya mkoko, mekundu kama damu. Nikaingia, nikapiga magoti, yakanifika kidevuni.

Jirani yangu Bi Mwanaidi akasikia maji yanaruka, akachungulia uani. "Fundi, leo unajiloweka mwenyewe?"

"Nifungue, Bi Mwanaidi!"

"Nikufungue nini, nawe ni mume wa mtu?" Kisha akauona ukosi. "Baba Shomari! Baba Shomari, njoo! Mlutheri amejitandika!"

Mumewe akaja mbio kutoka kwenye kiduka chake, na wateja wote nyuma yake, mmoja bado ameshika kibaba cha chumvi. Baba Shomari akatia mikono akapapasa bizimu. "Shusha pumzi," akasema.

"Ya kushusha sina," nikamjibu kwa sauti ya panya, na ua mzima ukaangua kicheko.

Katikati ya kicheko hicho wakaingia Mchungaji na wazee, wamewahi, na Raheli nyuma yao na kikapu cha mihogo. Mzee Yeremia, ambaye tangu mwanzo hakunitaka, akasimama mbele ya pipa. "Ndiye huyu?"

Baba Shomari, Mungu amrehemu, akataka kunisitiri. "Matandiko ya punda, Mchungaji. Anayajaribu tu."

Ningeitikia kwa kichwa yangekwisha (ingawa kwa ukosi ule hata kichwa hakikuinama). Lakini nilikuwa naomba uzee wa kanisa, na pumzi niliyobaki nayo niliona haifai kuitumia kwa uongo. Nikasema, "Si ya punda. Ni vazi la mtu. Bibi mmoja amemwagizia mumewe, wanalivaa chumbani mwao. Nimeikubali kazi, na nitaimaliza."

Mzee Yeremia akasema, "Na huyu ndiye atakayeshika sahani ya sadaka?"

Mchungaji alivua koti, akampa Raheli, akakunja mikono ya shati, akaizamisha ndani ya maji mekundu hadi kwenye viwiko. "Ni mtu na mkewe?" akaniuliza huku akihangaika na bizimu.

"Ndiyo, Mchungaji."

"Na ngozi uliyowachagulia ni nzuri?"

"Ya mbuzi. Ndani kondoo."

"Basi vuta tumbo."

Bi Mwanaidi akaleta mafuta ya nazi, Raheli akayapaka kwenye matundu ya mikanda, na bizimu ya shingo ikaachia. Nilivuta pumzi ambayo nadhani hata watu wa Msimbu waliisikia.

Kesho yake kanisani jina langu halikusomwa. Mzee Yeremia aliomba nisubiri hadi Pasaka, nami nikasubiri, nikamaliza kazi ya Bibi kwa mbuzi safi, na kila nilipopita njiani kuna aliyelia kama punda kichakani. Pasaka ilipofika, aliyesimama kulitaja jina langu alikuwa Mzee Yeremia mwenyewe. Alisema, "Mtu aliyesema kweli akiwa ndani ya pipa, akivaa koti hatatudanganya." Akaketi. Nililia mbele ya watu, na sikuona haya.

Toka siku ile sijavaa kazi ya mteja, na mfano naushona kwa gunia. Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akupe riziki ya halali na pumzi tele kifuani, na siku ya aibu yako akuletee watu wa kukunja mikono ya shati. Amina.