Shati la Forosadi

Forosadi zikianza kuchemka, jikoni hujaa harufu tamu yenye ukali kidogo, nami hurudi kwenye asubuhi ile ya baridi baada ya matanga ya mama.

Shangazi alikuwa amekuja kutoka Makambako kumchukua mdogo wetu wa mwisho, na sisi wengine tugawanywe kwa wajomba. Mdogo wetu alikuwa hajatia kitu kinywani tangu mazishi. Nilichuma forosadi nyuma ya nyumba, nikazichemsha na tangawizi, maana kwetu Njombe juisi ya watoto hunywewa ya moto. Kitambaa cha kuchujia sikukiona. Nikaingia chumbani, nikatoka na shati langu jeupe la shule.

"We binti, rangi hiyo haitoki," shangazi alisema.

"Najua, shangazi."

"Na Jumatatu utavaa nini?"

"Jumatatu nitakuwa hapa na wadogo zangu."

Nikakamua mpaka vidole vikawa vya zambarau. Mdogo wetu alimaliza kikombe, akanyoosha mkono kuomba kingine. Shangazi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akafungua begi na kuzitoa nguo alizokwisha kumfungia.

"Haya. Lakini nikirudi nikakuta wamekonda, nawabeba wote, na wewe ukiwemo."

Leo nakamua tena, na binti wa mdogo wangu huyo amesimama karibu na jiko.

"Mama mkubwa, mbona kitambaa chako kina kifungo?"

"Shika kikombe vizuri," namwambia. "Ni ya moto."