Mahindi Meusi ya Shangazi Mwajuma

Harufu ya ndagala waliooza, wale dagaa wa ziwa letu, hunirudisha Rumonge mpaka leo, hata nikiwa nimeketi na wageni mbele ya chakula. Mniwie radhi, wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi.

Wakati huo walitawala Wadachi, yaani Wajerumani, ila sisi watoto tuliwajua kwa askari wao tu, waliopita ufukoni kukamata watu wa kubeba mizigo. Nililelewa na shangazi yangu Mwajuma, mzaliwa wa Ujiji, mjane. Mumewe alizama ziwani na mwili wake haukuonekana. Mwaka ule mvua ilikataa kukatika, na ndagala tuliowaanika wakaoza wote. Shangazi hakuwatupa. Tuliwafukia katika shamba la mahindi nyuma ya nyumba, naye akaniambia maneno ya kwao: ardhi nayo ina tumbo.

Mahindi yakaota kwa namna iliyonitia hofu. Ya majirani yalikuwa membamba, ya manjano. Yetu yalikoza kijani mpaka yakaelekea weusi, majani mapana, laini kama sikio la mtoto mchanga. Upepo ukitulia, yalionekana kama watu waliosimama kusikiliza. Minong'ono ikaanza: marehemu anamlimia mkewe kutoka chini ya maji.

Kisha, mchana mmoja wa jua kali, nikasikia manyunyu. Nikatoka mbio kuanua nguo. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu. Sauti ilitoka shambani: viwavi, wamejaa kila jani, wanatafuna. Ng'ambo ya mpaka wa shamba, kwa jirani yetu Mama Hawa, ungewapata kwa shida.

Jioni wakaja, Mama Hawa mbele, wazee na vijana wenye majembe nyuma. Wakachimba. Mizizi ilikuwa imekumbatia mifupa midogo na vichwa vya samaki.

"Muone wenyewe!" akasema Mama Hawa. "Huyu mwanamuke iko na kitu. Aende, kabla wadudu wake hawajatumaliza."

Shangazi alinishika mkono.

"Ni ndagala tu, dada yangu. Chukua kapu moja, ufukie wewe mwenyewe kwenye mahindi yako machanga, pale pembeni. Yakibaki kama mengine, nitapanda mtumbwi niende zangu."

Wazee wakakubali. Mama Hawa akafukia, watu wakitazama.

Shamba letu lilikuwa limebaki vijiti vitupu wakati mashina yale ya pembeni kwa Mama Hawa yaliponenepa na kukoza weusi. Asubuhi moja nikienda kuteka maji, nikayasikia tena manyunyu, safari hii upande wake. Mama Hawa alikuwa ameinama, anang'oa shina baada ya shina, viwavi wakimdondokea mikononi. Akayabeba hadi ziwani na kuyasukuma majini. Alipogeuka akaniona. Alikuwa na macho ya mtu aliyeonyeshwa kaburi lake.

Wazee walipokuja, aliwaambia mahindi yamekufa tu.

Nilimkimbilia shangazi. "Anadanganya! Nimemuona! Twende tukawaambie!"

"Nami nimemuona, mwanangu. Nilikuwa mulangoni." Alikuwa tayari anafunga mikeka. "Wacha. Tukisema, hawatasema ni ndagala. Watasema wachawi iko wawili. Mimi niko na Ujiji. Yeye ataenda wapi na watoto wake?"

Tukapanda mtumbwi siku hiyohiyo, mchana, ufuko mzima ukitutazama.

Ukubwani nililima sana, na jembe langu mwenyewe likanifundisha kwamba jani lililoshibishwa kupita kiasi huwa laini na tamu, na wadudu hulifuata. Nikajifunza kutia samaki wachache tu. Hilo lilikuwa jepesi. La pili lilichelewa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile shangazi alishindwa. Nilikuwa nimeshawalea wanangu ndipo nikaelewa kwamba alikuwa nalo neno la kujiokoa, akatazama lingemuangukia nani, akalimeza.