Picha za Likizo Kwenye Kaunta ya Mochwari

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya mochwari moja huku Karagwe. Mbele yangu alisimama mama mmoja kutoka Kituntu aliyekuja kuchukua mwili wa mumewe. Ofisa alimwamkia shikamoo bila kuinua macho, kisha akaendelea kuwaonyesha wenzake picha kwenye simu. Alikuwa ametoka likizo kwenye kisiwa kimoja cha Karibiani.

"Hii ni siku ya mwisho. Asubuhi tulizungushwa kwenye ngome ya kale, mchana tukaenda kuona maporomoko."

"Mwanangu," mama alisema, "kaburi limeshachimbwa, watu wananisubiri."

Ofisa akanyanyua kiganja. "Subiri kidogo mama, bado hatujafika ufukweni."

Wenzake wakacheka. Nilipiga kaunta kwa ngumi nikamwuliza kama ana mzazi. Mlinzi akaniambia nisilete fujo.

Mama akakaza kitenge chake kiunoni. "Na huko kisiwani, mtu akifa wanamzika lini?"

Kicheko kikakatika. Ofisa akatia simu mfukoni, akaagiza mlango ufunguliwe.

Sina ugomvi na likizo ya mtu. Ila nina hasira mpaka leo, kwa sababu ilibidi mjane aulize swali lile ndipo apewe mume wake akamzike.