Kijiko Chini ya Matoka

Hadi leo nikisikia panga likinolewa kwenye jiwe, huziba masikio. Sauti hiyo hunirudisha Elburgon, kwenye shamba letu la viazi, asubuhi ambayo baba na Anko Njuguna, ndugu yake wa tumbo moja, walikatana.

Nilikuwa na miaka sita. Kati ya shamba letu na la anko palikuwa na mstari wa matoka, yale maua ambayo wazee hupanda mpakani na hakuna anayethubutu kuyang'oa, kwa kuogopa laana. Siku hiyo anko alikuja akifoka kwamba matoka matano yamehama, yameingia kwake hatua tatu nzima.

"Unanimeza nikiwa hai!"

"Mimi? Njuguna, niguse matoka mimi?"

Panga la anko lilimpasua baba juu ya sikio. La baba likaondoka na vidole viwili vya anko. Niliviona vikianguka kati ya viazi, na nikashangaa jinsi vilivyokuwa vidogo. Majirani walisimama kando. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, walisema wahenga, lakini wale waoga hata jembe hawakushika. Ni mama aliyejitupa katikati.

Wiki iliyofuata nyumba zote mbili zilinoa mapanga. Chifu akaona maiti zinakuja, akaleta mpima ardhi mwenye mashine juu ya mlingoti.

"Mzee, hii inaongea na setilaiti," alimwambia anko. "Ziko juu kabisa. Hazina shamba hapa, hazina ndugu."

Anko alitazama mbinguni, akakosa wa kumlaumu.

Mashine ilirudisha mpaka wa ramani: matoka matano yalikuwa ndani ya shamba la anko. Baba alichuchumaa akang'oa moja. Mizizini mlikuwa na kijiko changu chekundu cha plastiki, nilichokuwa nimekipoteza nikicheza. Alikifumbata haraka. Kisha akasimama.

"Ni mimi. Nilihamisha. Nisamehe."

Anko alimtemea mate usoni, na baba hakujipangusa. Mapanga yakarudi ndani, lakini tangu hapo baba aliitwa mwizi wa ardhi, hata kanisani.

Jioni ile nilikuta kijiko kando ya sahani yangu, kimeoshwa. Nilirukaruka kwa furaha. Kwa akili yangu, wao walipigania shamba. Mimi niligusa maua tu, nikayapanda upande wa anko kwa sababu alikuwa ametoka kulima na udongo ulikuwa laini.

Nilielewa nikiwa mkubwa, na niliona aibu hadi nikashindwa kula. Ile mashine ilituokoa, siwezi kuikana. Ilijua mpaka ulipo. Aliyeuhamisha haikumjua.

Tulipomzika baba nilimweleza anko yote. Aliutazama mkono wake wa vidole vitatu.

"Afadhali alinyamaza," akasema. "Siku ile ningekuua."