Fimbo ya Rula Tatu

Kwaya ya akina mama wa kanisa letu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ilinituma Lilongwe kununua kitambaa cha sketi kumi na mbili, kila moja mita mbili na nusu. Nilikuwa fundi cherehani tangu kwetu Rumonge, na hesabu hiyo haikunisumbua: mita thelathini. Katika duka moja la mtaa wa Area 36, muuzaji alipima kwa fimbo yake ya mbao huku akihesabu kwa sauti, nami nikahesabu naye mpaka thelathini.

Nilikata sketi kumi. Ya kumi na moja ikapungukiwa, ya kumi na mbili haikuwepo kabisa. Nikapima vipande vyote kwa tepu yangu: mita ishirini na saba.

Jumapili, ibada ilipokwisha, kiongozi wa kwaya akanisimamisha mbele ya watu.

"Fundi, kitambaa ingine iko wapi?"

"Mama, muuzaji alinipunja. Nimepima kwa tepu yangu, ni ishirini na saba tu."

"Tepu yako imevutika, dada," akasema. "Ao mukono njo umevutika."

Kanisa zima likacheka, maana mkono mrefu ni wa mwizi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniletea hata kola ya kubandika. Nilikaa na cherehani yangu nikisikia kicheko kile kila nilipokanyaga pedali bila nguo ya kushona.

Ndipo nikaanza kufundisha watoto wa jirani hesabu, mchana, nje ya mlango wangu. Watu walidhani natafuta cha kufanya. Nilikuwa natafuta mashahidi.

Sikuwafundisha kuimba namba. Nilitaka wapime. Walipima mlango, mkeka, hatua zao kutoka kwangu hadi bombani. Walikunja kitenge mara mbili wakaona nusu, wakakikunja tena wakaona robo. Kisha nikawapa rula za shule: kila moja sentimita thelathini, kwa hiyo tatu ni tisini, na kumi zaidi ndiyo mita. Kwa rula hizo wakaikagua tepu yangu mwanzo hadi mwisho. Haikuwa imevutika.

Miongoni mwao alikuwa binti wa kiongozi wa kwaya, msichana wa miaka tisa hivi, mwepesi kuliko wote. Sikumfukuza. Nilimkalisha mbele.

"Muuzaji anapima mara thelathini," nikasema siku moja. "Kila mara anaiba sentimita kumi. Jumla ameiba ngapi?"

Wengine bado walikuwa wakichora mchangani alipojibu. "Mita tatu, mwalimu."

"Nenda ukamwambie mama yako."

Alikwenda. Jioni mama yake akaja, amekunja uso. "Unafundisha mtoto wangu kunisuta?"

"Namfundisha kupima. Twende Lilongwe, mama. Nikiwa mwongo, chukua cherehani."

Jumamosi tukapanda lori: mimi, yeye, binti yake na watoto wengine wanne, kila mmoja na rula yake. Duka lilikuwa limejaa. Niliomba mita mbili. Muuzaji alipoinua fimbo, yule msichana akaishika, akailaza juu ya meza na kuweka rula pembeni yake. Moja. Mbili. Tatu. Fimbo ikaisha.

"Mwalimu, haifiki mita," akasema kwa sauti ya darasani.

Muuzaji akatufukuza kwa Kichewa, "Chokani!" Tokeni! Lakini mama mmoja Mmalawi, aliyekuwa amebeba furushi lake jipya, akaomba mtoto apime tena. Akapima tena. Mama yule akafungua furushi, akadai lipimwe upya. Wengine nao wakafungua ya kwao, wakawaita wenzao waliokuwa njiani. Muuzaji akaninong'oneza kwa Kiswahili cha sokoni, "Dada, chukua mita zako tatu, tuyamalize."

Nilizichukua. Hatukuyamaliza. Niliwaambia watoto wampimie kila aliyetaka, na tukakaa mpaka saa nane.

Ndani ya lori kiongozi wa kwaya alininyooshea mkono. "Unisamehe, dada yangu."

"Ulinitukana wapi?"

Akaurudisha mkono. "Kanisani."

"Basi, si hapa."

Jumapili akasimama mbele ya watu walewale, akaanza kusema yote. Aliponyamaza kabla ya kutaja lile neno la mkono, nikasema kutoka kwenye benchi, "Malizia." Akamalizia. Pasta alinitazama kana kwamba ningepaswa kuona aibu. Sikuona.

Miezi kadhaa baadaye nilipita Area 36 nikakuta duka limefungwa, kufuli limeanza kushika kutu. Mwanamke aliyeuza mandazi jirani aliniambia wateja waliacha kuja, mwenyewe akahama. Nikanunua mandazi mawili kwake, nikaketi kwenye kizingiti cha duka lile, nikala polepole.