Kinu Kilichokata Kona

Jumapili iliyopita binti yangu alikuwa mezani kwetu hapa Mwembesongo, anafanya kazi ya sayansi aliyopewa shuleni. Somo lilikuwa kani na mwendo. Kitabu kilimwagiza asukume vitu vyenye maumbo mbalimbali, atazame vinavyokwenda. Chupa ilikwenda sawa. Kikombe cha plastiki alikilaza ubavu, akakilenga kwa mjomba wake, yaani mdogo wangu, aliyekuwa upande wa pili wa meza anakunywa chai. Kikaanza vizuri, halafu kikapinda na kuanguka sakafuni bila kumgusa.

"Mama, hiki kikombe kimerogwa?" akauliza.

Mdogo wangu akacheka. Mimi nilishika ukingo wa meza. Hujui, rafiki yangu, kikombe kile kilinirudisha wapi, basi kaa nikueleze.

Nililelewa na bibi, mzaa mama, katika kijiji kilichong'ang'ania ubavu wa Uluguru kule juu. Kwetu kila nyumba ilikuwa juu ya paa la mtu na chini ya choo cha mwingine. Ukiangusha limau uani hulikimbilii. Unapaza sauti kwa jirani wa chini akuwekee. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia hadi jikoni, ukachanganyika na moshi na harufu ya ndizi zinazochemka, na ungesikia kina mama wakiteremka na matenga ya mboga kichwani kwenda sokoni mjini, wanazungumza kwa sauti ya juu utadhani wanagombana. Mimi kazi yangu ilikuwa maji, kuni, na kumwangalia mdogo wangu. Hiyo ya tatu niliifanya kwa jicho moja.

Mwaka ule kinu cha bibi kilipasuka kitako, na Idi ya kuchinja ilikuwa imefika mlangoni. Mama mdogo alishatuletea gunia la mpunga kutoka Dakawa, lakini mpunga bila kinu ni mapambo. Hakuna kinu, hakuna unga wa mchele; hakuna unga, hakuna vitumbua. Jirani yetu wa juu, mzee fundi wa vinu, akachonga kipya kwa gogo la mfenesi, na siku kilipokwisha harufu yake tamu ilifika hadi kwetu.

Bibi alikuwa na sheria moja kuhusu kinu: kinu hubebwa. Watu wawili, mti begani, kinu kinaning'inia katikati kwa kamba, na njia nzima hamzungumzi upuuzi. Alikuwa akisema, "Ukiuachia mlima kazi yako, utaifanya kama mlima." Mjomba wetu, kaka yake mama, angekuja alasiri wakibebe yeye na fundi.

Alasiri ilikuwa mbali mno kwa mtu wa miaka kumi mwenye hamu ya vitumbua. Adhuhuri bibi alinituma nimpelekee fundi sahani ya ndizi, nikakuta kaenda kuswali. Kinu kilikuwa kimesimama peke yake ukingoni mwa uwanja wake, na nyumba yetu ilikuwa pale chini, naiona. Nikajiambia: maji yanashuka yenyewe, maboga yanashuka yenyewe, hata mimi nikiteleza nashuka. Kwa nini mjomba aumize bega?

Nikakiangusha ubavu, nikakisukuma. Kikagoma. Nikakiegemeza mgongo, nikakaza miguu, na hapo kikatikisika, kikaja. Hatua tano za mwanzo nilikiongoza kama mtu anayeswaga mbuzi, najisifu kimoyomoyo. Hatua ya sita, kinu ndicho kilichokuwa kinaniongoza mimi. Nilikikumbatia nikizuie, kikanichubua viganja na kunitupa kwenye majani. Niliponyanyua kichwa kilikuwa kinakimbia, kila mzunguko una haraka kuliko uliotangulia.

Ndipo nikamwona mdogo wangu. Alikuwa na miaka miwili, amekaa katikati ya mkeka wa mpunga ulioanikwa uani, ana kijiti cha kufukuzia kuku. Kutoka pale nilipoangukia, kinu, mkeka na mtoto vilikuwa kwenye mstari mmoja. Nakuambia kweli, nilimwona amekufa.

Halafu kinu kikakata kona. Hakikugonga jiwe, hakikugusa kisiki. Kilianza tu kupinda kidogo kidogo kuelekea kushoto, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, kikapita pembeni ya mkeka na kuingia kwenye migomba ya bibi. Migomba miwili ikalala. Kisha mdogo wangu akapiga makofi na kusema, "Tena!"

Bibi alitoka jikoni mbio. Alimpapasa mtoto kichwa, mbavu, vidole vya miguu, kimoja kimoja. Alipomaliza akaketi chini juu ya mpunga. "Alhamdulillahi," alisema. "Mungu amekigeuza." Nilisubiri fimbo. Badala yake akaninyooshea kidole kuelekea kwa fundi.

"Kirudishe ulikokitoa. Kitashuka kwa kubebwa."

Sijawahi kukutana na uzito kama ule. Kitu kilichokimbia kama swala wakati wa kushuka, kupanda hakitaki hata kusikia. Nasukuma shibiri moja, naweka jiwe nyuma yake, napumua, nasukuma tena. Fundi aliporudi kutoka msikitini alisimama juu ya njia, akanitazama, akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Weye mtoto, leo umeujua mlima!" Nilikuwa nimefika kwenye mti wa limau ulio nusu ya njia, machozi na makamasi yamechanganyika, nilipohisi bega jingine karibu na langu. Alikuwa bibi. Tukasukuma pamoja hadi juu, na alasiri mjomba na fundi wakakibeba kama ilivyotakiwa.

Vitumbua vya Idi ile sikuvionja utamu wake. Kwa miaka mingi nilibeba jambo moja ambalo sikumwambia mtu: kwamba mdogo wangu yuko hai kwa bahati tu. Kila alipopita mbele yangu anakimbia, nilikiona kinu kile kikienda moja kwa moja.

Nilikuwa sekondari, nimepanga chumba Kilakala, siku mwalimu wa fizikia alipoweka kitabu cha Kiingereza pembeni, akalaza kikombe juu ya meza na kukisukuma. Kikapinda. Darasa likacheka. Akaeleza kwa Kiswahili kwamba mdomo wa kikombe ni mpana kuliko kitako, kwa hiyo kila mzunguko mdomo unatembea safari ndefu zaidi, na kitu kizima lazima kipinde upande wa kitako. Hakiwezi kwenda sawa hata kikitaka.

Nilisimama bila ruhusa. "Mwalimu, na kinu je?"

"Kinu kina mdomo mpana?"

"Ndiyo, mwalimu. Kidogo."

"Basi kitapinda kidogo."

Nikalia pale pale, mbele ya wasichana arobaini. Mwalimu alidhani naumwa. Kumbe nilikuwa napona. Kitako kilikuwa kimeelekea migombani, kwa hiyo kinu kilikwenda migombani. Ningekilaza kinyume, kingekwenda kulia, kwenye banda la mbuzi, na kesi ingekuwa ya mbuzi.

Likizo nilipanda mlima kwa miguu, sikungoja hata kupumzika. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, mbona unahema?" Nikachukua kikombe chake cha uji nikamwonyesha kwenye kizingiti, mara tatu. Alitazama kwa makini, akanirudishia macho.

"Mimi nilikuambia Mungu amekigeuza," alisema. "Wewe umeniletea habari ya alivyokigeuza."

Siku hizi kijijini kuna mashine ya kukoboa, inanguruma toka asubuhi. Fundi alitangulia, hakuna aliyerithi tezo yake ya kuchongea. Bibi naye tulimzika juu kule, chini kidogo ya mti wa limau. Kile kinu kilioza nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanatagia ndani yake. Mlio wa mchi asubuhi ya kuamkia Idi, nyumba hii ikiipokea ile, sidhani kama binti yangu atausikia.

Nilikiokota kikombe sakafuni, nikampa. Nikamwambia hakijarogwa, akilaze tena kama mwanzo, akilenge kwa mjomba wake vilevile. Akakisukuma. Kikapinda, kikapita mbali na kifua kile kipana chenye kitambi, cha mtu ambaye hakumbuki chochote.

Mdogo wangu akaweka chai chini, macho yanamng'aa.

"Tena," akasema.